Nyiragongo ikiwaka: picha za setilaiti au vipima mitetemo?

Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wa Goma, Kongo, ikiwaka, wenye ndugu Goma hapa Kigoma huuliza wafuate kipi.

Kwa gharama, setilaiti haina mpinzani. Ramani ya moto ya NASA, FIRMS, ni bure. Simu na bando vinatosha. Soma kwa makini: kila nukta ya joto kutoka VIIRS, kihisi cha setilaiti, ni eneo la mita 375 hivi, haikuambii lava imefika mtaa gani. Saa ikiwa ya UTC (saa ya kimataifa), ongeza 3 upate ya Tanzania. Nukta zikibaki kwenye kreta, shimo la kileleni, tu, huenda ni ziwa la lava la siku zote. Zikijipanga kushuka kusini, Goma iko hatarini. Mawingu yakifunga, nukta hupotea huku lava ikiendelea kutembea, na mlima ule una mawingu mengi mno.

Kipima mitetemo hakijali mawingu wala usiku. Ila kinataka sola, betri, mtambo wa kurusha data na mlinzi; betri ikiibwa, kituo kimekufa. Kimoja hakitoshi: kupata kitovu cha tetemeko unahitaji angalau vitatu.

Mei 22, 2021 lava ilitoka karibu bila onyo. Mitetemo iliyofuata ndiyo iliyoonyesha magma (mawe yaliyoyeyuka) ikisogea chini ya ardhi, jambo ambalo picha za joto haziwezi kuona, na Mei 27 sehemu ya Goma ikahamishwa.

Ukiwa Kigoma unataka kujua lava inaelekea wapi, fungua ramani. Ndugu aliyeko Goma asingoje nukta: afuate matangazo ya kituo cha volkano cha huko.