Stauti ya London ya 1890: tunaifungua chupa kutoka Bermondsey

Haya ndugu watazamaji, chupa yenyewe ya stauti, yaani bia nyeusi nzito, ndiyo hii. Lebo yake karatasi ya kaki tu, haina picha: The Kernel, Export Stout London 1890. Kiwanda kiko Bermondsey, London, chini ya matao ya reli, na bia hii wanaipika kwa kufuata kanuni ya mapishi ya mwaka huo, enzi za Malkia Victoria. Nguvu yake inapita asilimia 7, kwa hiyo tunakwenda nayo taratibu.

Tumimine. Glasi iinamisheni, maana hamira bado imo chupani na mashapo yamelala chini. Hayo nayaacha humo humo. Tazameni povu: rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa kahawa.

Sasa harufu. Kahawa ipo, wala haijifichi. Lakini chini yake kuna kitu kingine, kama ganda la mkate uliookwa kwa kuni. Hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu hapo ndipo London na Dublin zilipoachana.

Zamani stauti ilikuwa porta, ile bia ya rangi nzito ya London, yenye nguvu zaidi, basi. Rangi yake ilitoka kwenye kimea cha kahawia, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa kwa moto mkali wa kuni. Tatizo, moto ule unakiua kimea: hakiwezi tena kugeuza wanga kuwa sukari vizuri, kwa hiyo unatia kingi upate pombe kidogo. Mwaka 1817 mvumbuzi Daniel Wheeler akapata hataza ya kukaanga kimea kwenye pipa la chuma linalozunguka, kama la kukaangia kahawa, mpaka kinakuwa cheusi tii. Kiasi kidogo tu kinatosha kutia rangi. Sukari inatoka kwenye kimea cheupe, kile kilichokaushwa kwa moto mdogo.

Ireland wakaipiga hesabu hiyo na kukiacha cha kahawia mapema. Guinness ilipouza hisa zake London mwaka 1886, kiwanda chake cha Dublin tayari kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani. London hawakufuata. Wapikaji bia wake, Barclay Perkins, Whitbread, Truman, wote walitia cheusi lakini cha kahawia wakabaki nacho, hata baada ya Waziri Mkuu Gladstone kuhamisha kodi mwaka 1880 kutoka kwenye kimea kwenda kwenye bia yenyewe. Hawa ni watu waliohesabu kila senti! Wangekitoa kama hakina kazi.

Nionje... Aisee. Nzito, chokoleti chungu mwanzoni, halafu hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, zinashika koo na haziondoki. Hopsi nyingi ndizo zilizoilinda stauti ya kusafirishwa isiharibike melini. Aliyezoea Guinness ya Nairobi au Dar ataujua ukali huu wa kahawa, ila hapa umezungukwa na ladha ya mkate, ile ya kimea cha kahawia. Kwangu mimi hii ni tamu zaidi.

Msiinywe ikitoka tu kwenye friji. Yangu nimeitoa nusu saa kabla ya kurekodi, na sasa ilivyopata joto kidogo, ule mkate umeishinda kahawa kabisa. Sogeza pua, utaukuta.