Kikatio cha maganda ya risasi: tazama kwanza kinapimia wapi

Ganda la risasi ya raifo likishapigwa, shaba yake hutanuka mpaka ikagusa kuta za chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa. Unapolirudisha umbo kwa kulifinya kwenye kalibu (kifaa cha chuma chenye umbo la ganda), shaba hiyo husukumwa mbele kuelekea shingoni, na ganda linarefuka. Kwa aina ya risasi iitwayo .308 Winchester mwisho wa urefu ni milimita 51.18, na wajazaji wengi, yaani wanaojaza upya maganda yaliyopigwa, hukata hadi 50.93. Kwa .223 Remington mwisho ni 44.70, na hukatwa hadi 44.45. Hiyo ni robo tu ya milimita, lakini ganda likizidi kipimo mdomo wake huingia pale chemba inapoanza kuwa nyembamba. Hapo kichwa cha risasi hubanwa, hakiachii kwa wakati, na shinikizo la gesi hupanda kupita kiasi. Ndiyo maana kikatio, kinachopunguza urefu huo, si chombo cha kununua kwa kuangalia rangi ya boksi.

Watu wengi Marekani, ambako kujaza risasi nyumbani ni jambo la kawaida, huuliza kwanza kipi kina kasi. Sisi tunaanza na swali jingine: chombo kinapima kutoka wapi? Vipo vinavyopima kutoka kitakoni, na vipo vinavyoegemea bega la ganda, pale mwili unapopungua kuelekea shingo. Kasoro nyingi utakazokutana nazo zinaanzia hapo.

Cha bei ndogo kabisa ni cha kampuni ya Lee: kijiti cha kupimia kwa kila aina ya risasi, kisu chake, na kishikio cha kitako. Ncha ya kijiti hupita kwenye tundu la moto, lililo katikati ya kitako, na kugusa kishikio, kisu kinagota, kazi imekwisha. Hakuna cha kurekebisha, kwa hiyo hakuna cha kukosea. Ubaya wake ni huohuo: urefu ni ule uliochaguliwa kiwandani. Ukiisugua ncha kwa tupa utapata urefu mfupi zaidi, ila hauna njia ya kurudi. Fataki, kile kiwashio kidogo cha kitakoni, lazima iwe imetolewa, na maganda ya mtindo wa Berdan, yenye matundu mawili madogo pembeni badala ya moja katikati, hayaingii kabisa. Kwa anayepunguza maganda 50 kwa mwezi, hiki kinamtosha, na kishikio chake kinafungwa kwenye drili mkono ukichoka.

Vikatio vya mezani vya kuzungusha kwa mkono, mfano Forster, hushika ukingo wa kitako kwa koleti, yaani taya za duara zinazokazwa. Ni vyombo imara, vinahudumia aina nyingi za risasi kwa kubadilisha koleti na kijiti cha kuongoza tu. Tatizo lake huwashangaza wengi: maganda ya viwanda tofauti yana ukingo wenye vipenyo tofauti, koleti hufunga mapema au kuchelewa, na ganda huvutwa nyuma kwa kiasi tofauti. Unafunga kipimo vizuri, kisha maganda yanatoka yakipishana. Dawa ni kutenganisha maganda kwa kiwanda na kukaza kwa nguvu ileile kila mara. Kijiti nacho kikikwaruza shingo kwa ndani, ujue shingo haijatanuliwa vya kutosha baada ya kufinywa.

Kampuni ya L.E. Wilson, kutoka Cashmere, jimbo la Washington, wamelikwepa tatizo hilo. Ganda linagongwa taratibu ndani ya bomba lililochongwa kwa mteremko wa mwili wake, likakaa bila kijiti cha kuongoza, na skrubu inagusa kitako moja kwa moja. Kwa usahihi, hiki ndicho tunachokipenda kuliko vyote vya mkono. Kasi yake ni ndogo, na unahitaji bomba linalofaa aina yako ya risasi, tena uangalie kama ni la ganda lililofinywa au lililopigwa tu.

Sasa mashine za mota. WFT ya Little Crow hufungwa kwenye drili, ganda linasukumwa kwa mkono mpaka bega ligote, na sekunde chache zinatosha. Giraud yenye mota yake hukata, huchonga ukingo wa mdomo kwa ndani na kuulainisha kwa nje kwa pigo moja. Bei yake ni mamia ya dola, na inalipa kwa mwenye maganda ya maelfu. Zote mbili huegemea bega. Basi kama kalibu yako inarudisha bega nyuma kwa kiasi kisicho sawa, urefu nao hautakuwa sawa, na lawama si ya kisu. Chenga za shaba zikijikusanya penye bega, ganda haliingii hadi mwisho, linabaki refu. Puliza chenga kila baada ya maganda 20, na pima kwa kalipa (kipimio chenye taya) maganda matano ya mwanzo kabla ya kuendelea. Maganda yasiyo na bega, kama .45-70, hayana pa kugota humo, kwa hiyo usinunue mashine hizi kwa ajili yake.

Mpangilio wa kazi haubadiliki: safisha, paka mafuta, finya, futa mafuta yote, pima, kata, kisha chonga ukingo wa mdomo. Anayekata kabla ya kufinya anajidanganya, kwani ganda litarefuka tena. Mafuta yakibaki, chenga hunata kwenye chombo. Ukingo usipochongwa ndani, utakwaruza kichwa cha risasi kinapoingizwa.

Tena, shaba inayokwenda shingoni inatoka mahali. Kila ukikata, ukuta karibu na kitako umepungua. Pitisha waya uliopindwa ncha ndani ya ganda, na ukihisi mfereji juu kidogo ya kitako, litupe. Mstari unaong'aa kuzunguka nje sehemu hiyo ni dalili ileile.

Vumbi la fataki lina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, hivyo nawa mikono kabla ya kula. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Kwa raifo moja ya uwindaji, nunua Lee. Kwa kulenga shabaha mbali, Wilson. Kwa .223 kwa ndoo, WFT, na Giraud pale mfuko utakaporuhusu.