Avidemux au Shotcut kwa laptop ya ram 4?

Mi nipo Mtwara mjini, nashuti harusi na sherehe za kuwatoa wali jandoni, laptop yangu kuukuu ram GB 4 tu, hizi programu za kuhariri video nimetumia zote mbili muda sasa.

Avidemux ndo naishika kila siku. Ukiacha video na sauti kwenye Copy haipiki upya kitu, inakata na kusevu vilevile, faili la saa nzima linatoka faster na kwolite haishuki, ila sasa hapo kuna kitu watu wengi hawakijui, mwanzo wa kipande lazima uangukie kwenye keyframe, yaani ile picha iliyotunzwa nzima, ukianzia katikati unaweza pata ukungu au vibox vibox mpaka keyframe inayofata, kwahiyo bonyeza mshale wa juu au chini inaruka yenyewe keyframe hadi keyframe. Kuunganisha vipande nako vyote viwe kodeki moja, yaani namna video ilivyobanwa, na saizi moja, usichanganye ya simu na ya kamera utajuta.

Shotcut ina mambo zaidi, treki nyingi (safu za video na sauti), maandishi, muziki wa chini, ila lazima irenda, yaani ipike video yote upya, na waliotengeneza Shotcut wenyewe wanasema HD inataka ram GB 8. Kwangu nikiwasha proksi, yaani nakala nyepesi za video za kuhariria, angalau inatembea, kurenda naiacha naenda zangu feri kununua samaki nikirudi bado inasaga.

Zote za bure lakini. Mteja akitaka majina ya maharusi kwenye skrini nafungua Shotcut, asipotaka siigusi.