Fulana za kampeni, Mwembe Tayari, Mombasa: rangi leo, nembo baadaye

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Fulana ya shingo duara, pamba ya gramu 180 kwa mita ya mraba, maandishi mbele na mgongoni: shilingi 380 ukichukua kuanzia mia mbili. Vibanda vya jirani watakupa kwa 220, lakini hizo ukizinyanyua juani unauona mkono wako upande wa pili. Kazi yangu ni kuwatafutia wagombea fulana, kofia na leso, na karakana hii ya ghorofani, nyuma kidogo ya Mwembe Tayari, naipa nyota nne kati ya tano.

Kinachonirudisha hapo ni mzee mwenye karakana. Haulizi chama. "Mwanangu, chagua rangi leo, nembo utaniletea mchujo wa chama ukiisha." Anachukua nusu ya pesa, ananunua kitambaa, vijana wanashona, lakini fremu ya kuchapia haitengenezwi mpaka ujue kwa hakika jina litaingia kwenye karatasi ya kura kwa tiketi ipi. Mwaka 2022 mteja wangu wa udiwani aliangushwa kwenye mchujo wa Aprili, akajiandikisha mgombea huru. Fulana zilikuwa tayari zimeshonwa, wino bado. Hatukutupa hata moja. Duka jingine nililowahi kulitumia, silitaji, linachapa mapema ili likamate pesa yote. Mabaki yake utayaona kwa waosha magari.

Ukutani mzee ametundika kwa misumari fulana kuukuu za vyama vya Kenya: jogoo wa KANU, NARC ya 2002, PNU, njiwa wa TNA, nyekundu ya Jubilee. Si makumbusho. Anawaonyesha wateja wino unavyozeeka. Ile ya NARC ukiikaribia utaona herufi zimepasukapasuka, lakini kola bado imesimama na mshono wa bega haujaachia. Chama chenyewe kilimpa Kibaki asilimia 62 hivi ya kura za urais, na kufikia kura ya maoni ya katiba, Novemba 2005, mawaziri wake walikuwa wamegawanyika, chungwa kwa Hapana na ndizi kwa Ndiyo. PNU ilizaliwa Septemba 2007, miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi. Jubilee iliunganishwa kuwa chama kimoja 2016, ikashinda 2017, na 2022 haikuwa na mgombea urais wake yenyewe. Pamba ya gramu 180 inawashinda wote hao kwa umri.

Binti yangu anasoma sayansi ya siasa. Akanieleza kipimo cha Mdenmark mmoja, Mogens Pedersen, cha mwaka 1979: chukua asilimia ya kura ya kila chama, tafuta tofauti na uchaguzi uliopita, jumlisha tofauti zote, gawa kwa mbili. Sifuri ni utulivu mtupu. Ukikaribia mia, vyama vya jana vimefutika. Kwa Kenya, anasema, ukihesabu majina ya vyama namba inapaa. Nikamwambia aje alitazame daftari la oda la mzee. Majina ya vyama hayadumu, ya wateja yanajirudia. William Ruto alikuwa KANU 2002, ODM 2007, URP 2013, Jubilee 2017, UDA 2022: chaguzi tano, nembo tano, na ngome yake kule Bonde la Ufa haikwenda mbali naye. Wanaohamahama ni wakubwa. Mpiga kura anabadilishiwa fulana tu. Binti akakubali kwamba hata wataalamu hutenganisha kura zinazohama kati ya vyama vilivyopo na zile zinazosukumwa na vyama kuzaliwa na kufa.

Kitambaa pekee ambacho mzee hununua bila oda ni cha chungwa, rangi ya ODM. Mombasa ODM imechukua ugavana 2013, 2017 na 2022, kwa hiyo anajua hakimlalii stoo. Manjano ya UDA hanunui mpaka aone pesa. Lakini tangu Raila Odinga, kiongozi wa ODM, afariki, Oktoba 2025, naona hata marobota ya chungwa yamepungua kwenye rafu. Nilipomuuliza alicheka tu, akaniambia nisubiri 2027 ifike. (Shemeji yangu wa Tanga anatushangaa. Kwao CCM imezaliwa 1977 na nembo ni ile ile jembe na nyundo. Kofia ya kijani iliyobaki uchaguzi huu anaiuza ujao.)

Nyota iliyokatwa: vipimo. XL yao ni L ya mtu wa kawaida, na wazee wa mikutano ya hadhara wana matumbo, kwa hiyo agiza namba moja juu. Risiti lazima uidai. Na wiki mbili za mwisho kabla ya kura usitegemee ahadi yoyote, vijana wanachapa usiku kucha na wino unafungashwa haujakauka. Niliwahi kupokea kofia zimegandana, tukazibandua moja moja.

Kwa Agosti 2027, lipeni nusu kabla ya mchujo, na tumieni rangi moja isiyofungamana na mtu, nyeupe ikiwezekana. Leso wao hawachapi. Ijumaa wanafunga saa sita, wanafungua saa nane.