Jiwe la Horus: maji ya kumnywesha aliyeumwa na nge

Katika vifaa vyote vya uganga vya Misri ya kale, jiwe la Horus ndilo lililofikiriwa vizuri kuliko vyote. Ni kibao cha jiwe kilichochongwa mungu Horus akiwa mtoto, uchi, shungi la nywele likining'inia upande mmoja wa kichwa, nyayo zikiwakanyaga mamba. Mikononi kashika nyoka, nge, simba na choroa, simba kwa mkia na choroa kwa pembe. Juu yake uso wa Bes, mungu kibeti mlinzi wa nyumba, umekenua meno. Penginepo pote, mgongoni na mbavuni, ni maandishi matupu.

Matumizi yake ni mepesi. Jiwe linasimamishwa juu ya chombo, maji yanamiminwa kuanzia utosini polepole ili yapite juu ya sanamu na kila mstari wa maandishi, yanakingwa chini, kisha mgonjwa anayanywa au anaoshwa nayo palipoumwa. Basi. Maneno yameshaingia ndani ya maji. Aliyewahi kuona kombe likioshwa hahitaji kuelezwa zaidi. Wamisri wengi hawakujua kusoma, na jiwe hili halimdai mtu asome.

Shida yenyewe ilikuwa ya kila siku. Kipande cha jiwe la chokaa chenye mahudhurio ya mafundi wa makaburi wa kijiji cha Deir el-Medina, cha mwaka wa 40 wa farao Ramesses II, kinataja nge kuwa sababu ya fundi mmoja kutofika kazini. Kikosi hicho kilikuwa hata na mganga wake wa nge, aliyepewa cheo kwa jina la Serqet, mungu wa kike wa nge.

Nguvu ya maneno yenyewe iko kwenye hila yake. Hayamwombei mgonjwa, yanamgeuza kuwa Horus. Horus aliumwa, Isis mama yake akapiga ukelele hadi mtumbwi wa jua ukasimama angani, Thoth, mungu wa maarifa, akashuka na tiba. Na kuna kitisho ndani yake: jua halitasogea, giza litabaki, mpaka mtoto apone. Mtoto wa jirani anapokunywa maji yale, ulimwengu mzima unalazimika kumngoja yeye. Wamisri waliiita nguvu hiyo heka, wala hawakuiona kuwa kitu cha kuonea haya. Miungu wenyewe waliitumia.

Kwa ubora wa kazi, jiwe la kupimia mengine yote ni lile linaloitwa la Metternich, la zama za farao Nectanebo II (360–343 KK), ambalo sasa liko Metropolitan Museum, New York. Lina kimo cha sentimita 83.5, jiwe lake ni gumu na la rangi nzito, na herufi zake ndogo zimekatwa safi hadi leo. Kwa matumizi ya umma, hata hivyo, sanamu ya mtu aitwaye Djedhor, iliyotoka mji wa Athribis, inalishinda. Bwana huyo kachuchumaa, kaandikwa mwili mzima, kibao cha Horus kiko mbele ya miguu yake, na kwenye kitako pamechongwa mfereji unaopeleka maji kwenye beseni. Hapo huhitaji mtu wa kukukingia; unateka tu. Ufundi mdogo, lakini ndio unaotofautisha kifaa cha maonyesho na kifaa cha kazi.

Vidogo ndivyo vya kuangalia kwa makini. Viko vya sentimita chache tu, vingine vimetobolewa vipate kuvaliwa shingoni, na vingi ni vya steatiti, jiwe laini linalochongeka upesi na kulika upesi vilevile. Ndiyo maana uso wa Horus umefutika kwenye vingi: maji na vidole vimepita hapohapo miaka nenda rudi. Kasoro ya pili ni mbaya zaidi. Wachongaji wengine hawakujua kuandika, wakajaza mgongo wa jiwe mikwaruzo inayofanana na herufi lakini isiyosomeka. Mnunuzi asiyesoma angeigunduaje?

Na je, lilifanya kazi? Kwa mtu mzima aliyeumwa na nge, maumivu mara nyingi hupungua yenyewe baada ya saa kadhaa, na sifa zote zinaliendea jiwe. Kwa mtoto mchanga, au kwa aliyegongwa na fira, maji hayazuii sumu.

Washindani wake wapo. Fira wa udongo ni rahisi zaidi: maelekezo yanataka wanne, wa udongo safi, wenye moto vinywani, mmoja kila pembe ya chumba cha kulala. Lakini hilo ni zindiko dhidi ya jinamizi na viumbe vya usiku, si tiba ya sumu. Kisha kuna ukanda mwembamba wa mafunjo wa zama za nasaba ya 21 na ya 22, wenye ahadi za miungu, unaokunjwa na kutiwa ndani ya kijaluba cha kuvaa shingoni. Huo unaahidi mengi kuliko jiwe, hata kumkinga mtoto na ukuta unaoanguka. Ila jina la mwenyewe limeandikwa ndani, kwa hiyo ndugu yake akiumwa, hauazimiki.