Kamera isiyo na kelele, bibi harusi mwenye mistari

"Mwambie mumeo akusomee kile kijitabu cha kamera."

Maneno hayo niliambiwa kwenye duka lililoniuzia kamera, mbele ya wateja watatu, na kijana ambaye hata macho hakuyainua kwenye simu. Mume mwenyewe sina. Naandika na hasira bado ziko moto, ingawa kawaida mimi nikishapata chai na usingizi husamehe watu wasiostahiki.

Kamera ni hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, miralesi, ile ya chini kabisa katika ukoo wake. Sifa zake zimejaa kila mahali, sitazirudia. Niliinunua upande wa Darajani, Unguja mjini, kwa karibu milioni moja na laki nane, na lenzi yake ndogo. Kazi yangu ni picha za harusi, upande wa wanawake. Huko mwanamme haingii, na picha hazitoki nje: napiga, nasafisha, nawakabidhi wenyewe, nafuta.

Sasa sikilizeni. Harusi ilikuwa mfunguo pili au tatu hivi, yaani mwezi wa pili au wa tatu baada ya Ramadhani, sishiki tarehe. Ukumbi umejaa oudi, bibi harusi kavaa vikuba vya asumini mpaka kiunoni, somo wake, yaani kungwi, kakaa pembeni kama askari. Waliposimama kusoma dua niliona haya kupiga chaka-chaka katikati ya watu wanaoitikia amina, nikaiweka kamera kwenye ukimya. Na kweli, haikutoa sauti hata chembe. Nikasema hii ndiyo kamera! Nikaiacha hivyo hivyo usiku kucha: vigelegele, taarab, watu wanatunza, keki inakatwa, na mimi kimya kama paka.

Saa saba za usiku nafungua kompyuta nyumbani. Jamani. Mistari! Mistari mieusi imekatiza picha kwa upana, mmoja kwenye paji la uso, mwengine kwenye shingo, mwengine kwenye shela. Bibi harusi wa watu utadhani kafungiwa nyuma ya nondo za dirisha. Picha mia nne na kitu, na karibu zote ziko hivyo. Nililia, sioni haya kusema.

Kulipokucha nikabeba kamera na kompyuta mpaka dukani. Kijana akatupia jicho picha moja tu. "Mashine nzima hiyo. Mbovu mkono." Nikamwambia basi nitoe waranti. Akanichomolea karatasi kutoka kwenye boksi: waranti ya Dubai. Nikamuuliza, hii nifanyeje, nipande ndege? Ndipo akanipa lile la mume.

Siku zile ningeulizwa, ningesema kamera hii ni takataka, msiinunue, na duka lile lifungwe. Nilishaandika mpaka maneno ya kuitangaza iuzwe.

Alonizuia ni shoga yangu wa Chake Chake, naye mpiga picha. Nikamtumia picha mbili. Akacheka mpaka nikakata simu, kisha akapiga tena akanieleza. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo zile taa za LED za bei rahisi za ukumbini hupungua na kuzidi mwanga mara 100 kila sekunde. Jicho halitambui. Kamera ikiwa kwenye ukimya haitumii lile pazia dogo linalofunguka na kufunga, shata. Sensa yenyewe, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ndiyo inayosoma picha, mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Mistari inayosomwa taa ikiwa imefifia hutoka mieusi. Kamera za bei kubwa husoma upesi mno, hizi za kina sisi husoma polepole. Dawa yake: rudisha pazia lako lenye kelele, na kasi ya shata usiizidishe 1/100 ya sekunde chini ya taa kama zile.

Nikajaribu chini ya taa ya jikoni kwangu. Mistari ikaondoka.

Kwa hiyo kijana yule alikuwa na haki: mbovu ulikuwa mkono. Hilo ndilo linaloniuma zaidi! Lakini subirini kidogo. Siku aliponiuzia, ni yeye aliyebonyeza mbele yangu akasema, "Dada, hii haipigi kelele hata kidogo, kwa harusi hupati nyengine." Ukimya ndio alioniuzia. Alikuwa anajua au hajui? Kama anajua, mbona hakusema? Kama hajui, kile kijitabu asomewe yeye kwanza, na mkewe.

Haya, nirudi kwenye kamera, nisije nikaidhulumu.

Nyepesi. Inaingia kwenye pochi chini ya buibui na hakuna anayejua nimebeba nini. Unaona mwanga wa picha kabla hujabonyeza. Na inatafuta macho yenyewe: bi mkubwa amevaa ninja, yanaonekana macho tu, nayo inayashika hayo hayo haiyaachii. Siku moja nilikwenda Jambiani alfajiri, maji yamekupwa, wanawake wanainama kwenye mashamba ya mwani, jua linatoka nyuma yao. Picha ile nimemwonesha mama yangu, akanyamaza kimya, na mama si mtu wa kunyamaza.

Lakini betri! Hakuna kioo cha kukurudishia taswira, unachochungulia ni kama televisheni ndogo inayowaka muda wote. Bibi harusi hajatoka chumbani, betri imeshaanza kupepesa. Bila betri tatu usikubali kazi. Lenzi inayokuja nayo ni nzuri mchana, ikifika usiku ni kipofu. Na ukibadilisha lenzi ufukweni, sensa iko wazi, mchanga na chumvi vinaingia. Masika yale lenzi ya mwenzangu iliota koga ndani kabatini. Mimi yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu.

Nikiziangalia picha za zamani nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio pale Kenyatta Road, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, najisemea: hakuna hata mmoja mwenye mistari, na watu wale hawakuwa na sensa.

Ile harusi, lakini, haikuharibika yote. Katikati ya shughuli umeme ulikatika. Mpaka jenereta iwake, wanawake waliwasha tochi za simu, wakamzunguka bibi harusi wakimwimbia. Nilipiga kama picha kumi. Zina chengachenga, mbili zimetikisika, lakini mistari hamna, maana tochi ya simu inakula betri, haichezi na umeme wa ukutani. Moja bibi harusi anacheka kaziba mdomo kwa kiganja chenye piko. Hiyo ndiyo aliyoichagua kuitundika ukutani. Pesa iliyobaki sikuidai. Mama yake akanipa nusu yake kwa nguvu.

Basi niwaambie nini, mnunue au msinunue? Siku zile ningesema msinunue. Leo sijui. Kwa anayeanza, mimi simkatazi, ila ukimya auzime kabla hajatoka dukani. Mnunue. Lakini si kwenye duka lile.

Isipokuwa mimi Ijumaa nina harusi Mwanakwerekwe, betri moja imeanza kuvimba, na betri ya asili nimeizungukia mji mzima sikuipata ila kwa yule yule kijana. Kesho naenda. Maneno nimeshayapanga tangu jana usiku.