NAS ya Diski Mbili: Chombo Kizuri, Mwongozo Unakuacha Njiani

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo nina hiki kisanduku cha NAS cha diski mbili, yaani hifadhi ya mafaili inayokaa kwenye mtandao wa nyumbani, na hapa kila diski ina nakala ileile ya data. Kasi, matundu ya nyuma, programu ya simu, hayo mmeshayasikia, naruka. Chombo kiko kimya, hakichemki, nimekipenda. Kilichonikasirisha ni mwongozo wake.

Nimechomoa diski moja makusudi. Huo mlio mmeusikia? Haya, ukurasa wa diski iliyokufa, someni na mimi: toa diski mbovu, weka mpya, subiri. Basi! Mbovu ni ipi? Taa ni moja tu kwa diski zote mbili. Ukichomoa nzima, unabaki na mbovu peke yake, na picha za familia nzima zimo humo.

Ndani ni Linux, kwa hiyo naingia kwa SSH, yaani natuma amri kutoka kompyuta nyingine, naandika cat /proc/mdstat, inayoonyesha hali ya diski. Njooni karibu na skrini. Mnaona mabano yenye U na kistari? U ni diski iliyo hai, kistari ni iliyotoka. Bado hujaambiwa iko droo ipi, na majina kama sda na sdb yanaweza kubadilika ukizima na kuwasha. Cha kuaminika ni namba ya mfululizo. Iliyobaki hai hapa ni sda, basi naandika smartctl -i /dev/sda. Hiyo hapo, inaishia na 7K. Natazama lebo ya diski ya droo ya kushoto: 7K. Hii ndiyo nzima, haiguswi! Maelezo haya yangekula mistari mitatu tu ya mwongozo, jamani.

Halafu diski mpya ikiwa ndogo hata kidogo kuliko nafasi inayohitajika, mdadm, programu ya Linux inayounganisha diski hizi, inaikataa, hata kama zote mbili zimeandikwa TB 4.

Wengi mnaniandikia kwamba mnajenga seva kwenye PC ya zamani. Kwa bei za sasa nawaelewa kabisa. Ila hakikisheni GRUB, programu inayoanzisha Linux mashine ikiwashwa, imewekwa kwenye diski zote mbili, maana ya kwanza ikifa, data itakuwepo na mashine haitawaka.

Na kama diski iliyobaki nayo inasoma kwa shida, msikimbilie kujenga upya, yaani kunakili data kwenda diski mpya, kwa sababu kazi hiyo huisoma diski yote mwanzo hadi mwisho. Tangulizeni ddrescue, programu ya kuokoa data kutoka diski mbovu, na muipe faili la ramani ili umeme ukikatika iendelee ilipoishia. Wiki ijayo video nzima ni ya ddrescue, kwa hiyo jiungeni na chaneli.

Ununue? Ndiyo, nunua. Ila andika namba ya kila diski na droo yake, ubandike ubavuni mwa kisanduku siku hiyohiyo unayokifungua.